Siku Bi Mkunjo Alipokataa Salamu

Jina la Bi Mkunjo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu alikuwa dobi asiyeweza kuvumilia mkunjo. Ukipita mbele ya chumba chake cha kunyooshea nguo na shati lako limekunjamana, alikuita, akakuvua palepale mlangoni, akalipiga pasi bure, na muda wote huo akikusema mpaka unatamani ungepita njia nyingine. Bwana harusi alipitia kwake kabla ya kwenda kuoa, na kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi alipitia kwake kabla ya kupanda basi. Mikono yake ilikuwa mizito, ulimi wake haukuwa na breki, na hakuwa na mazoea ya kumwomba mtu chochote.

Saratani ilianza kwenye titi. Likakatwa, akapigwa mionzi, akaambiwa mambo ni mazuri, akarudi kwenye meza yake. Ikapita miaka ya nafuu, kisha mgongo ukaanza kumuuma. Akalaumu pasi. Akalaumu godoro, akanunua jingine, nalo akalilaumu. Daktari wa saratani alipompiga picha alimwonyesha mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta: ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo, kwenye nyonga na kwenye bega la kulia, lile la pasi. Hakumficha. Alimwambia hii haitaondoka tena, watakachofanya ni kupunguza maumivu na kuichelewesha kadiri itakavyokubali. Akamkataza kunyanyua kitu kizito kuliko birika la chai, maana mifupa ile ingeweza kuvunjika kwa kujigeuza tu kitandani.

Chumba cha pasi kikafungwa. Asubuhi moja akaanguka bafuni, akiwa peke yake, akalala kwenye saruji mpaka mchana jirani alipokuja kuazima ndoo. Habari hiyo ilipomfikia mdogo wake wa mwisho, anayeitwa Kitinda mpaka leo na mvi zake, aliomba ruhusa kazini, akaja na begi moja. Kitinda alikuwa mkandaji wa unga kwenye tanuri la mikate, mji mwingine. Yeye ndiye aliyeanza kumwinua dada yake asubuhi, kumwogesha, kumpeleka msalani, kumpa dawa na kumgeuza usiku. Mwenye tanuri alimwambia kiungwana kwamba nafasi yake ataishikilia, lakini si milele, na Kitinda hakuwa na riziki nyingine.

Posho ya ulemavu ilikuwa na fungu la mtu wa kumtunza mgonjwa. Ikitoka, Kitinda anabaki. Isipotoka, Kitinda anarudi kwenye tanuri na Bi Mkunjo anarudi kwenye ile saruji. Mambo yalikuwa wazi hivyo, na yeyote mwenye macho angeyaona.

Lakini ofisi zina macho yake. Kwanza Kitinda alipigwa danadana: picha si ya ukubwa huu, mhuri huu umefifia, mtandao leo hausomi, njoo wiki ijayo. Karani wa dirishani alipoipokea barua ya daktari aliisoma kwa sauti, saratani hatua ya nne, akauliza hatua ya nne kati ya ngapi. Kitinda akamwambia kati ya nne. Karani akaitikia kwa kichwa, akaigonga mhuri, akamwambia mgonjwa aje mwenyewe kufanyiwa tathmini, kwa sababu karatasi pekee haitoshi.

Basi Bi Mkunjo akajiandaa, na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Aliamua kupiga pasi gauni lake mwenyewe. Kitinda alimbembeleza amwachie, akajibiwa kwamba mtu aliyezoea mikate ataliunguza. Akaketi kitini, akavutiwa meza karibu, akatumia mkono wa kushoto, anapiga kipande, anapumzika, anapiga kingine. Kazi ambayo zamani angeimaliza huku anapiga soga ilimlia jioni nzima. Kesho yake kabla ya kutoka alimeza dawa kali ya maumivu, maana bila hiyo asingeweza hata kuketi kwenye teksi. Kwa hiyo mtu wa ofisi alimwona katika saa yake nzuri kuliko zote, ndani ya gauni lililonyooka kama ukuta.

Afisa tathmini alikuwa mwanamume wa makamo kidogo, ndevu zimechongwa vizuri, mwenye adabu. Hilo la adabu ndilo linalouma zaidi, kwa sababu angekuwa fedhuli Bi Mkunjo angejihadhari naye. Aliinuka, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Na afya inaendeleaje?"

"Naendelea vizuri tu, tunamshukuru Mungu."

Akainama akaandika. Bi Mkunjo alidhani anaandika tarehe.

Sasa niambie wewe unayesoma, umewahi kumsikia mtu aliyelelewa vizuri akisalimiwa, akajibu kwamba hali ni mbaya? Hata aliyeunguliwa nyumba usiku huo atakuambia salama, kisha ndipo atavuta pumzi na kusema, ila nyumba imeungua. Wote tunalijua hilo. Afisa yule alilijua pia, maana na yeye amelelewa na watu na kila siku husema hajambo hata meno yakimtoa machozi. Bi Mkunjo alikuwa amekaa pale anangoja zamu ya ile "ila" yake. Haikuja. Aliulizwa kama anaweza kuinua mkono, akainua wa kushoto, na hakuna aliyemwuliza habari za wa kulia. Akaulizwa gauni zuri hivyo nani kalipiga pasi. Akasema, kwa fahari ambayo ingemfanya mtu yeyote mwenye moyo atabasamu, kwamba kalipiga mwenyewe. Afisa akatabasamu kweli. Na akaandika.

Jibu lilikuja kwa barua. Kitinda alilisoma kwa sauti akiwa amesimama katikati ya chumba, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyozidi kupungua. Mwombaji alifika akiwa nadhifu. Alieleza kuwa hajambo na kwamba anaendelea vizuri kiafya. Ananyoosha nguo mwenyewe. Ana uwezo wa kuendelea na kazi yake ya udobi. Ombi limekataliwa. Barua ya daktari, pamoja na hatua zake nne, haikutajwa hata kwa neno moja.

Bi Mkunjo akaomba asomewe tena pale pa hajambo. Akasomewa.

"Yaani mimi namjibu salamu," akasema, "kumbe mwenzangu ananihoji."

Siku ile hakula. Hasira ilimshika kuliko siku alipoambiwa ugonjwa umeingia mifupani, na mimi simlaumu. Ugonjwa haujui adabu, haujasomeshwa, hauna mshahara wala kiti cha kuzunguka. Lakini mtu mzima amekaa mbele ya mwanamke anayeliwa mifupa, akaichukua heshima yake, akaigeuza ushahidi dhidi yake, kisha akaenda nyumbani kula. Huyo utamwitaje? Mtaa mzima ulimwita majina, na hakuna hata moja ambalo naweza kuliandika hapa.

Wakakata rufaa. Mwenye tanuri naye akapiga simu kusema anasubiri jibu mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atachukua mtu mwingine. Kitinda akaanza kuwa na mawazo ya ujanja. Alimwomba dada yake safari hii aende na kanga iliyofifia, asinywe dawa, agune kidogo, na ikiwezekana aingie amebebwa. Jirani wa ndoo akaongeza kwamba kupaka majivu kidogo usoni si dhambi, kwani wangapi wamefanya na wamepata, na wengine ni wazima kabisa.

"Mimi ni mgonjwa," Bi Mkunjo akasema. "Sijaokotwa jalalani."

Mjadala ukaishia hapo. Gauni lilipigwa pasi, ila safari hii na Kitinda, huku mwenyewe akiwa kitandani anatoa amri: geuza, rusha maji, usibonyeze hapo, ukosi kwanza. Kitinda alitoka jasho kuliko kwenye tanuri. Bi Mkunjo alilitazama lilipokwisha, akasema litafaa, na kwa watu wanaomjua hiyo ni sifa kubwa.

Waliambiwa wafike asubuhi. Wakafika asubuhi, wakakalishwa kwenye benchi la mbao koridoni, chini ya kalenda iliyopitwa na wakati. Watu wakaingia, wakatoka. Chai ikapelekwa ndani, vikombe vikatoka vitupu. Dawa aliyokunywa nyumbani ilianza kumwisha nguvu, uso ukapauka, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kitinda alimwomba alale kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja yake. Akakataa. Walipoitwa hatimaye, ilibidi Kitinda na mlinzi wa mlangoni wamwinue pamoja, na hatua chache zile za kuingia chumbani alizipiga kwa kujikaza kisabuni.

Ndani walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati mwenyekiti, mwanamke wa rika la Bi Mkunjo, miwani imening'inia kwa mnyororo. Kulia daktari wa jopo. Kushoto bwana mmoja wa kanuni, mwenye kitabu kinene mbele yake.

"Karibu, mama," mwenyekiti akasema. "Hujambo?"

Bi Mkunjo akanyamaza.

Mwenyekiti akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti zaidi. Kitinda akamgusa dada yake ubavuni kwa kiwiko. Nataka ujue kwamba jambo hili lilimgharimu. Alikuwa mtu wa kuwatimua watoto mlangoni kwa kupita bila kumsalimia. Kuiacha salamu ya mwanamke mwenzake ining'inie hewani hivyo, mbele za watu, kulimchoma kuliko nyonga, na masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Mara ya mwisho nilijibu salamu kwenye ofisi hii," akasema, "mkaandika nina nguvu za kufanya kazi. Leo sijibu. Salamu yako nitakupa mkishafunga hilo faili. Sasa niulizeni mnachotaka kujua."

Bwana wa kanuni akakohoa. Mwenyekiti alimtazama Bi Mkunjo, akalitazama faili, akasoma mstari fulani kwa kidole, kisha akaivua miwani. Alipouliza tena aliuliza kama mtu anavyomuuliza mtu. Nani anakuinua asubuhi? Huyu. Nani anakupeleka msalani? Huyu. Na asipokuwepo?

Hapo Bi Mkunjo akawaeleza habari za bafuni, bila kutia chumvi na bila kulia. Jinsi shavu lilivyokuwa kwenye saruji yenye maji. Jinsi alivyoita mpaka sauti ikamkauka, kisha akaacha kuita. Jinsi alivyojikojolea, na jirani alipoingia, jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba msamaha kwa ile harufu. Kitinda mwenyewe alikuwa hajawahi kulisikia hilo la mwisho. Daktari wa jopo aliomba auone mkono wa kulia ukiinuliwa. Ulifika usawa wa tumbo, ukatetemeka, na ni yeye daktari aliyesema inatosha.

Wakatolewa nje, wakaitwa tena. Ombi lilikuwa limekubaliwa, pamoja na fungu la mtunzaji. Kitinda akafunika uso. Ila bwana wa kanuni alikuwa bado na lake, maana kitabu kinene hakifunguliwi bure. Akasema kanuni zinataka posho iwe ya muda maalumu. Iandikwe mwaka mmoja, halafu mama atarudi hapa apimwe upya, ionekane kama kuna mabadiliko.

"Mabadiliko yatakuwepo," Bi Mkunjo akamwambia.

Bwana wa kanuni akapekua kurasa kana kwamba amepoteza kitu. Mwenyekiti akasema iandikwe hivyo hivyo kama kanuni inavyotaka, akatia saini, akalifunga faili. Naye Bi Mkunjo, akiwa tayari ameinuliwa na amegeuzwa kuelekea mlangoni, akamwambia sijambo, mama, na wewe hujambo? Mwenyekiti akajibu hajambo, akitazama meza.

Nje, Kitinda alimkalisha dada yake kwenye ukuta mfupi wa bustani wakisubiri teksi, akampigia mwenye tanuri. Kwa furaha akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akamwambia kwamba hatarudi, posho imepita, anabaki na dada yake. Mwenye tanuri akampongeza kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Akasema basi ataweka kibarua wa muda, ila angependa kujua tu apange mambo yake vipi, kwa hiyo Kitinda anabaki huko mpaka lini?

Kitinda akafungua mdomo. Miezi yote ile ya kuinuana na kuogeshana, neno hilo walikuwa wamelipitia pembeni, kila mmoja akijitia hamnazo kwa ajili ya mwenzake. Akatazama simu, akatazama barabara, akasema mpaka, halafu akasema mpaka tena.

Bi Mkunjo akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu.

"Mpaka nife, bwana," akasema. "Tafuta mtu wa kukanda, umwambie itachukua muda wake. Mimi sina haraka."

Mwenye tanuri akaanza kusema pole, pole sana, na Bi Mkunjo akamrudishia Kitinda simu azipokee pole hizo mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki.