Nilivyosema Alimhurumia

Bondia wetu wa Lodwar amefariki. Malaria imemmaliza kwa muda mfupi, yeye ambaye hakuna ngumi iliyowahi kumlaza chini. Habari ilinikuta Kainuk na lori, na tangu hapo situlii, nakaa nasimama, maana lipo jambo moja tulilobishana miaka na hatukulimaliza. Wasomaji wangu mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, nikauza ngozi za mbuzi, na leo malori yangu yanafika mpaka Kaikor. Marehemu alikuwa mpakiaji wangu, na zile pumzi mlizozishangilia ulingoni nilizitengeneza mimi: nyama yangu, maziwa yangu, mbio za alfajiri kwenye mchanga wa mto Turkwel.

Mpinzani wake alikuwa mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mrefu, anaishi kambini Kakuma. Walikuwa wamepigana mara mbili, kila mmoja ameshinda moja. Pambano la tatu, kule Kakuma, ndilo lingeamua nani aingie timu ya mkoa. Wakati huo mgao wa chakula kambini ulikuwa umechelewa, na jamaa alipovua shati mbavu zote zilionekana.

“Ejok,” marehemu akamsalimia kwa Kiturkana. “Umekula?”

“Chai tu. Wewe ulikula ya watu wawili, ndugu? Leo utaihitaji.”

Nilicheka, nikamwambia mtu wangu, “Huyu ni wa raundi moja. Mmalize twende nyumbani.” Raundi mbili alimpiga vizuri. Ya tatu yule mwenye njaa akaanza kusonga mbele, anapigwa anasonga, anapigwa anasonga, mpaka akambana wetu kwenye kamba na kumshushia ngumi mfululizo. Refa akasimamisha.

“Umemhurumia,” nikamwambia ndani ya lori.

“Mzee, sikumhurumia.”

“Pumzi si ulikuwa nazo?”

“Nilikuwa nazo. Lakini kila nikimpiga nilikuwa naona hajali, nikaanza kuogopa.”

Sikukubali. Katika kila hoteli ya Lodwar nilisimulia kwamba wema ndio uliotushinda, na mji ukaamini, kwa sababu nikisema jambo watu husikiliza.

Juzi kwenye mazishi yule mpinzani alikuja kutoka Kakuma. Nikamshika mkono, nikamwambia kwamba marehemu alikuwa na roho nzuri, hata siku ile alimhurumia. Akautoa mkono wake.

“Mzee, ubavu huu mpaka leo siulalii. Alinipiga kwa nguvu zake zote, ndiyo maana nimekuja kumzika. Siku ile ulifurahi kuona nina njaa. Leo unataka na ushindi wangu?”

Bado nashikilia kwamba pumzi hutoka kwenye chakula, hilo hanifundishi mtu. Lakini sisi tulioshiba, tukishindwa na asiye na kitu, hukimbilia kusema kwamba tulimwachia. Hapo tunamvunjia heshima aliyeshinda, na aliyeshindwa tunamfanya mwongo. Mtu akikupiga, sema amekupiga.