Mbwa Aliyemwonea Wivu Marehemu

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa kwetu upande wa Sosiot. Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Bosi, na alinipenda kwa wivu. Mimi na mume wangu, Baba Chebet, tukitoka kupeleka majani ya chai kwa sentaa yakapimwe, tulikuwa tunakaa kwenye benchi nje ya jikoni, tunapumzika. Hatujakaa vizuri, Bosi ameshajipenyeza katikati yetu, anamsukuma mwenzangu kwa mgongo huku ananguruma. Baba Chebet alikuwa anacheka tu.

"Wewe, ng'ombe za mahari nilipeleka mimi. Wewe ulileta nini?"

Mwaka jana Baba Chebet aliugua kifua, akatuacha. Tulimzika pale chini, shamba la chai linapoishia. Baada ya mazishi Bosi akawa mpole kabisa. Angemwonea nani wivu tena?

Sasa sikia. Jioni moja ukungu ulikuwa umeshuka, lakini kulikuwa bado kunaonekana. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi peke yangu, na Bosi amelala mlangoni. Ghafla akainua kichwa, akaja mbio, akajipenyeza kando yangu, akaanza kusukuma kwa mgongo. Anasukuma nini? Hakukuwa na mtu. Lakini, niamini, benchi ilishuka upande ule, vile ilikuwa inashuka Baba Chebet akikaa. Nikasikia harufu ya koti lake la mvua na majani mabichi.

Sikuogopa. Nilifurahi. Nilinyoosha mkono pole pole, na kabla haujafika, Bosi akauma hewa. Benchi ikainuka.

"Bosi, wacha! Mwache akae!"

Hakunisikia. Aliteremka katikati ya michai akinguruma, pole pole, kama mtu anayesindikiza mgeni asiyemtaka, mpaka kaburini. Nilikimbia nyuma yake, nikateleza, nikaanguka, nikarudi kwenye benchi. Aliporudi alikuwa anatikisa mkia. Akaniwekea kichwa mapajani.

Binti yetu, Chebet, akatoka jikoni. "Mum, unapigia nani kelele?"

"Baba yako alikuwa hapa. Bosi amemfukuza."

Aliangalia benchi. Upande wangu ulikuwa mkavu. Ule mwingine ulikuwa umelowa maji. Akachukua kitambaa, akapangusa.

"Ni ukungu tu, Mum. Ingia ndani."

Lakini tangu hapo Chebet hajawahi kukaa upande ule.

Siku hizi ninamfunga Bosi kila jioni, ninakaa, ninaacha nafasi. Hakuna anayekuja. Nimefikiria kumpa mtu mbwa huyu, lakini nitabaki na nani? Analala miguuni pangu, ametosheka. Na nitamchukiaje, kama kosa lake ni kunipenda?

Wewe uliyefiwa na una mbwa mwenye wivu, ukimwona anasukuma mahali ambapo hakuna mtu, usimcheke. Mshike kwanza. Mshike kwa mikono yote miwili, halafu useme haraka unachotaka kusema. Mimi sikuwahi hata kumwambia, "Karibu."