Nilienda Oslo kutetea heshima ya Kibirichia, nikaipoteza jikoni kwa shosho

Wakuu, salamu kwa wote. Nitaandika ukweli mtupu, pamoja na sehemu inayoniaibisha, ambayo kusema kweli ni uzi mzima.

Mimi ni wa Kibirichia, lakini nasoma Embu na naishi kwa uncle, Dallas. Dallas ya Embu, kabla mtu aanze kuniuliza mambo ya visa.

Kwa wasiojua, Kibirichia ni viazi, sisi tunaviita waru, na ukungu. Ng'ombe wetu wakipumua asubuhi unadhani wanavuta sigara. Kwa hivyo club yetu ya mazingira ilipoalikwa na shule moja ya Oslo wakati wa likizo ya Disemba, na tukachaguliwa mimi na Igoki, nilimhurumia sana Igoki.

Igoki ni wa Mbeere. Kule hata mbuzi wanatembea wakifuata kivuli.

"Wewe utarudishwa kama samaki wa freezer," nikamwambia mbele ya darasa.

"Na wewe utalia kabla yangu, mtoto wa waru."

Hapo mdomo wangu ukaniuza. Tukawekeana hivi: atakayelalamika kuhusu baridi kwanza, kabla turudi shuleni, atampangia mwenzake laini ya chakula, ile ya githeri ya mahindi na maharagwe, term nzima. Darasa likawa shahidi. Na mnaijua hiyo laini. Ukifika mbele, maharagwe yameshakuwa historia.

Shosho, nyanya yangu, alinifumia sweta nzito kama blanketi. Nikaiacha Dallas, chini ya kitanda. Mwanaume wa Kibirichia hashuki ndege amevaa kama kondoo.

Haya, Oslo.

Mlango wa airport ulifunguka na pua yangu ikafa. Sio kuwasha. Kufa. Igoki alikuwa na jaketi mbili, kofia ya marvin na skafu. Nilibaki kuona macho tu, na macho yalikuwa yanacheka.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Ni kama nyumbani," nikajibu, meno yakipiga ngoma.

Jua la huko lina tabia ya mgeni rasmi wa harambee. Linachelewa, linaonekana kidogo, linaondoka kabla ya chakula. Watoto wachanga wanalazwa nje kwa pram, theluji pande zote, mama yuko ndani anakunywa kahawa. Kwetu chief angekuwa ameshaitwa.

Na mimi niliyeruka bara zima kutoroka waru, jioni ya kwanza nikawekewa waru. Za kuchemsha. Mama mwenyeji wetu, Ingrid, akaniuliza kwa upole kama kwetu zinajulikana.

Sasa, kitu hamkuambiwa kuhusu Ulaya ni kwamba baridi inakaa nje. Ndani hairuhusiwi. Na bafu, wakuu, sakafu yenyewe inapashwa moto. Siku niligundua hiyo kitu maisha yangu yalibadilika. Nilikuwa nashinda pale chini, nimelala chali kama mjusi, mpaka Ingrid akamuuliza Igoki kama tumbo langu liko sawa.

"Tumbo liko sawa," Igoki akamwambia. "Anakumbuka nyumbani."

Lakini sikulalamika. Tulipelekwa kuona bandari, makumbusho, sijui sanamu gani, masikio nikiwa sina uhakika kama bado ninayo. Kimya. Igoki naye kimya. Tukarudi Kenya bila mshindi, zimebaki siku chache shule ifunguliwe.

Igoki akaenda kwao Mbeere. Mimi nikapelekwa Kibirichia ili shosho ahakikishe nimerudi na vidole vyote.

Nimefika tu kwa mlango wa jikoni, simu ikalia. Igoki. Shosho akasema nimuwekee loudspeaker amsalimie msichana aliyenichunga ughaibuni. Wakaanza. Mvua, mbuzi, mahindi, mama yako anaendeleaje. Nikawasahau kabisa.

Nikavua viatu mlangoni, kama mtu wa Oslo. Manners. Nikakanyaga simiti ya shosho.

"Shosho, hii nyumba mbona iko na baridi hivi? Hata Oslo sikuteseka hivi."

Kwa simu nikasikia mtu akivuta pumzi ya furaha.

"Rudia hapo," Igoki akasema. "Shosho hakusikia vizuri."

Shosho akauliza kuna nini. Akaelezwa yote, kuanzia darasani hadi githeri. Nikamwangalia kama wakili wangu. Mjukuu ni mjukuu, ama?

"Na sweta yangu," akaiuliza simu, "aliivaa?"

"Sweta gani, shosho? Mimi sikuona sweta."

Shosho alinigeukia polepole sana. Baridi niliyoisikia hapo, Norway hawana.

"Utampangia hiyo laini," akasema. "Na hiyo sweta umpe yeye."

Kwa hivyo wakuu, funzo ni kwamba usijisifu na baridi ya kwenu ukiwa umevaa viatu. Na kitu umefumiwa na shosho, vaa tu.

Waliowahi kushindwa nyumbani kwao wenyewe wajitokeze hapa chini, nisiwe peke yangu. Wenye kucheka pia karibuni, najua ndio wengi.

Ila nikichelewa kujibu mchana, jueni niko kwa laini na sahani mbili. Mwenye sahani ya pili amekaa pale nje, jua la Embu likimchoma, amevaa sweta ya shosho mpaka shingoni. Anatoka jasho. Anasema ni kama nyumbani.