Supu ya Miso kwa Ndagala wa Kalemie

Mama mkwe alikuja kuishi nasi huku ugenini, Rosettenville, baada ya kumzika baba mkwe huko Kalemie. Alikuwa haongei sana wala hali sana. Asubuhi alikunywa chai, jioni akamega ugali kidogo, kisha akatuaga akalale. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapa. Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hata salamu zao na bibi yao zilikuwa fupi. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, alirudi kutoka kazini kila jioni akamkuta chumbani peke yake, na niliona jinsi ilivyomuuma.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupika Kijapani. Kabla sijaolewa nilisoma Osaka, na nilirudi na mazoea ya jikoni zaidi kuliko kitu kingine. Watoto wanapenda wali unaonata, mayai ya kukunja, na supu ya miso, ile inayokolezwa kwa soya iliyochachushwa. Supu hiyo huanza na maji ya samaki wakavu, nami nilizoea kununua unga wa samaki hao kwenye duka moja la Waasia. Jumamosi hiyo nilifungua kabati nikakuta pakiti tupu. Nikapiga simu dukani. Nao walikuwa wameishiwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Unatafuta nini, mama?" akaniuliza.

"Unga wa samaki, mama. Wa supu."

"Samaki gani?"

Nikampimia kwa kidole. "Wadogo hivi, wanaoanikwa juani."

Aliondoka. Nilidhani amerudi kulala. Kumbe alikwenda kufungua sanduku lake, akaja na furushi la kitenge, akalimimina mezani: ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, bado wanang'aa.

"Nilibebaka hizi juu ya mwana yangu," akasema, yaani kwa ajili ya mume wangu. "Nikaona hapa munakula bingine, nikanyamaza."

Nikamvutia kiti, tukaanza kuwachambua.

"Toa kichwa. Kichwa iko buchungu," akanionya, ingawa mikono yangu ilikuwa imeshaanza kufanya hivyo.

Binti yangu akaja kuchungulia, akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani. Nikamwambia amuulize bibi yake. Alisita, halafu akajaribu, akimwita bibi kama wanavyosema huku: "Gogo, hii... hii iko nini?"

Mama mkwe alimtazama kwanza. Kisha akamweleza polepole, jinsi alivyokuwa akiwaanika na kuwageuza, na alivyowauza sokoni hadi akasomesha watoto. Binti yangu aliketi. Sidhani alielewa yote, lakini hakuondoka.

Tuliwaloweka, tukawapasha moto taratibu. Harufu ilijaa nyumba nzima, mwanangu wa kiume akaziba pua. Nilipoonja, ilikuwa kali kuliko ya Osaka, lakini nzuri. Nikaikoroga miso, nikatia tofu, ile jibini laini ya soya, na majani ya kitunguu.

Mezani sote tulijifanya hatumtazami. Mama mkwe alikunywa bakuli lake hadi chini.

"Inakosa pilipili," akasema, akalisogeza kwangu niongeze.

Mume wangu aliinamia bakuli lake kwa muda mrefu kuliko supu ilivyohitaji.

Tangu hapo Jumamosi tunapika pamoja. Mwani wa kufungia wali ameukataa kabisa, na pilipili anatia hata asipoombwa. Zipo siku anafunga mlango akalia, nasi tunamwacha alie. Lakini anakula, na mwanangu siku hizi anamwomba amwonyeshe kufinyanga matonge ya wali, mchezo ambao mimi ndiye niliyemfundisha bibi.

Wiki iliyopita mama mkwe alitaka ajaribu mwenyewe mayai ya kukunja. La kwanza lilishika kwenye kikaango likachanika vipande. Aliliangalia, akalisukumia kwenye sahani ya mume wangu.

"Leta mayai ingine," akasema.

"Ngoja, Gogo," binti yangu akajibu, mkono tayari uko kwenye friji.