Kidonda cha Mkono Mwepesi

Machinjioni walimwita Mkono Mwepesi, jina ambalo kwingine lingemfaa mwizi. Pale lilikuwa sifa. Alimchuna ng'ombe ngozi ikatoka nzima kama shuka, bila tundu hata la sindano, na wenzake waliozitoboa ngozi kila uchao walikuwa wamekoma kushindana naye. Kwa hiyo siku alipojikata kiganja cha kushoto, walimcheka kwanza, huruma ikafuata baadaye.

"Leo fundi kajichuna mwenyewe!"

Naye akacheka. Kisu kilikuwa kimepasua jipu kubwa pajani mwa ng'ombe kabla ya kumteleza, na usaha ukamwingia kwenye jeraha. Mwenye ng'ombe alikuwa amemdunga mnyama huyo kila sindano inayouzwa dukani, dawa juu ya dawa, jipu lisipone. Akaona bora amlete achinjwe kabla hajamfia zizini. Mkaguzi wa nyama aliamuru mguu mzima utupwe. Mkono wa mchunaji haukumhusu.

Akafanya kama wafanyavyo wote pale: akaomba kidonge cha rangi mbili, akakifungua, akanyunyiza unga wake kwenye jeraha, akafunga kitambaa, akarudi kazini. Ukiwauliza hata leo watakuapia kwamba hiyo ndiyo dawa kiboko. Kidonda kilifunga juu, chini kikaendelea kutunga usaha.

Nyumbani aliyekiuguza ni mkewe. Kila jioni alichemsha maji, akatia chumvi, akamwosha kwa mikono mitupu huku akimtania.

"Mwanaume mzima unapiga kelele kwa maji ya vuguvugu! Ng'ombe wakikuona si watakucheka?"

"Ng'ombe hawanichokonoi, mama watoto."

Mwanamke mwenyewe alikuwa na kidole alichokiunguza kwa sufuria. Kitu kidogo tu, nani angekijali?

Kidole kikavimba, kisha mkono, kisha homa ikampanda hadi akaweweseka. Hospitali wakamtundikia dripu ya dawa, haikufua dafu. Wakabadilisha, ya pili nayo ikagonga mwamba. Daktari, binti mpole, akamwita mume kando, akamwuliza kazi yake, akakikagua kiganja chake na kuchukua usaha kidogo ukapimwe. Majibu yalipotoka, bakteria walikuwa wale wale waliopatikana kwa mkewe.

"Hawa wamezizoea dawa zetu tangu wakiwa kwa ng'ombe," alisema daktari. "Wamekuwa sugu. Tumebakiwa na dawa moja tu, na figo za mama zimeanza kuchoka."

Basi mtu ambaye hakuwahi kuogopa pembe wala kisu akaogopa kufungua kinywa. Alijua ni lazima amwambie mkewe ukweli kabla hajachelewa, lakini kila alipoketi kando ya kitanda alianza na mengine. Akampa habari za watoto, habari za mvua, habari za jirani na paa lake linalovuja. Roho ilimuuma, tena ilimuuma vibaya.

Mchana mmoja homa iliposhuka, mkewe akamkazia macho.

"Una neno wewe. Litoe."

"Ni mimi," akasema. "Ni hiki kidonda changu. Mimi ndiye niliyekuletea." Akaangua kilio mbele ya wodi nzima.

Mkewe alimwacha alie mpaka akatulia.

"Najua, baba watoto. Daktari aliniambia. Nilimwomba asikwambie kwamba najua."

"Kwa nini sasa?"

"Ungeona haya, ukaacha kuja. Na mimi nilitaka uje."

Mume alinyoosha mkono amshike, muuguzi akamwashiria avae glavu kwanza. Akazivaa haraka haraka, vidole viwili vikaingia tundu moja, na mkewe akacheka kidogo.

Ile dawa ya mwisho nayo ilishindwa. Mkewe alifariki asubuhi ya siku ya pili yake, kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Mkono Mwepesi alikuwa nje ya geti pamoja na watu wengine, ameshika chupa ya uji, akisubiri wafunguliwe.