Picha ya Nne ya Kathure

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Septemba 1996, Kathure ameketi kwenye stuli ndani ya studio ya baba yake mjini Nkubu. Nyuma yake kumetundikwa shuka jeupe. Sanduku lake la bati liko mlangoni, limefungwa kamba, na juu yake kuna kichane cha ndizi za Mitunguu.

"Inua kidevu," baba yake anamwambia. "Masikio yaonekane. Na usicheke, wataikataa."

Kamera ni ile ya papo kwa papo, yenye lenzi nne. Inatoa picha nne kwa mkupuo mmoja na haiachi negativu. Chuo anachokwenda kuanza kimeagiza picha nne. Muthamia anabonyeza, taa inamulika, na hapo ndipo Kathure, aliyekuwa amejikaza, anaangua kicheko hadi anashika ukuta.

"Piga na hii basi, baba."

"Filamu ya hii kamera ni ghali, mama. Hiyo tutapiga ukija likizo."

Anazikata picha kwa mkasi, anazitia kwenye bahasha, kisha anambebea binti yake sanduku hadi stendi. Anaporudi, stuli bado iko katikati ya chumba. Anaisogeza ukutani. Baadaye anairudisha mahali pake, kwa sababu wateja watakuja.

Julius Muthamia ana umri wa miaka hamsini na minne. Amekuwa mpiga picha mjini Nkubu tangu alipokuwa kijana, na chumba anacholala kiko nyuma ya studio hiyohiyo. Mkewe, Teresia, alifariki Kathure akiwa darasa la sita. Tangu hapo walikuwa wawili tu, na kuanzia Jumatatu hiyo akabaki mmoja.

Kazi yake si ya kumtajirisha mtu. Siku nzuri huingiza shilingi mia tano. "Siku mbaya," anasema, "napata wawili wa kitambulisho na mmoja wa kulalamika kwamba hajafanana na yeye mwenyewe."

Likizo zilikuja, lakini picha ya kicheko haikupigwa. Mara filamu ilikuwa imeisha, mara Muthamia alikuwa ameitwa harusini Karurumo, mara Kathure mwenyewe alikuwa na haraka. Oktoba 1997, akiwa mwaka wa pili, aliugua homa ya uti wa mgongo. Baba yake alifika hospitalini akamkuta hawezi kumjibu. Siku ya pili yake, Kathure alifariki.

Yaliyofuata Muthamia anayakumbuka vipande vipande. Anakumbuka kwamba baada ya mazishi aliitwa chuoni, upande wa Embu, kurudisha vitu vya chuo. Alirudisha ufunguo wa bweni, kadi ya bweni, kadi ya maktaba na kitambulisho cha mwanafunzi. Kila kadi ilikuwa na picha mojawapo ya zile nne. Karani mmoja alizikata zote kwa mkasi mbele yake na kuzitupa. Ndio utaratibu, ili mtu mwingine asije akazitumia.

"Nilitazama tu," anasema. "Siku hiyo nilikuwa natia saini kila kitu ninachopewa. Hata wangeniambia nitie saini kwamba mimi ndiye nimekufa, ningetia."

Miezi ilipita. Februari mwaka jana, 1998, mama mmoja aliyekuja kupiga picha alimwuliza kwa upole binti yake alikuwa na sura gani. Muthamia alifungua mdomo kujibu, akaona sura haimjii.

"Kutwa naangalia sura za watu, na za watu wengine zote ziko," anasema. "Yake ndiyo ilikuwa inatoka kidogo kidogo, kama picha iliyoachwa juani."

Alipindua studio nzima. Alipata picha ya Kathure akiwa darasa la nane, mtoto mwenye magoti yenye vumbi. Alipata ya kidato cha nne, wasichana wote wa darasa kwenye ngazi, sura ya binti yake ikiwa kubwa kama punje ya hindi, nusu yake nyuma ya bega la mwenzake. Ya Kathure mtu mzima hakuipata. Ndipo alipokumbuka kwamba picha ziliagizwa nne, na yeye aliona tatu tu zikikatwa.

Ya nne ilikuwa kwenye faili.

Masjala ya chuo hicho, ambacho kwa ombi la wahusika hakitajwi hapa, ni chumba kimoja chenye dirisha dogo la kuhudumia watu. Nyuma ya dirisha kuna makabati ya chuma. Ndani yake mna kila kitu ambacho mwanafunzi huulizwa siku ya kwanza: kwao ni wapi, anaugua nini, anasali wapi, nani anamlipia karo, aitwe nani jambo likitokea. Mwenye funguo ni karani aitwaye Wamuyu, mama wa makamo ambaye hasemi kwa haraka.

"Mzee, faili haitoki," alimwambia Muthamia siku ya kwanza.

"Mimi ni baba yake."

"Kila anayesimama hapo dirishani ni baba wa mtu."

"Huyo alikuwa wangu peke yake."

"Nakuamini. Lakini kabati halifunguliwi kwa kuamini."

Wamuyu ana sababu yake. Anasema kwamba miaka michache kabla, kijana mmoja alifika dirishani akijiita mjomba wa mwanafunzi wa kike. Alikuwa amevaa tai na anaongea vizuri. Karani wa wakati huo alimwonyesha bweni na namba ya chumba. Hakuwa mjomba. Msichana aliacha masomo na hakurudi tena.

"Tangu hapo hatutoi," anasema Wamuyu. "Watu hunitukana. Wazazi huniuliza kama mimi ndiye nilizaa. Nafunga kabati."

Muthamia hakumtukana. Alimwuliza tu, "Ameshakufa, mama. Sasa unamficha nani?"

Wamuyu anasema swali hilo alienda nalo nyumbani. Jibu alilompa pale dirishani lilikuwa fupi: "Alijaza fomu akijua tutaifunga. Hakuniambia nifungue akifa."

Ikawa ni kwenda na kurudi. Muthamia aliambiwa alete barua ya chifu, akaleta. Akaambiwa alete cheti cha kifo, akaleta. Mwishowe, Juni, jibu la wakubwa lilifika. Picha ni sehemu ya faili, haiwezi kubanduliwa. Faili haiwezi kutoka masjala. Na yaliyoandikwa ndani hayawezi kusomwa na mtu mwingine yeyote.

Muthamia alisoma barua hiyo akiwa amekaa kwenye stuli ya wateja. Jirani yake Mwaniki, fundi wa nguo, alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Wamekataa?" Mwaniki aliuliza.

"Wamesema isitoke, isibanduliwe, isisomwe."

"Sasa imebaki nini?"

Muthamia alisoma tena. "Hawajasema isipigwe picha."

Wiki iliyofuata alirudi chuoni akiwa na kamera yake ya zamani, ile ya filamu, na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Wamuyu alienda kuuliza wakubwa. Alikawia. Aliporudi alimfungulia mlango wa pembeni, na kwa mara ya kwanza Muthamia akaingia upande wa makabati.

Fomu ya Kathure ilikuwa tayari mezani, karibu na dirisha, na mtu asingeweza kusoma hata neno moja. Juu yake Wamuyu alikuwa amelaza karatasi ya manila aliyoikata tundu la mraba katikati, saizi ya picha ya pasipoti. Ndani ya tundu hilo ulikuwepo uso. Pini ya stepla ilikuwa imeanza kushika kutu kwenye kona.

"Nilimtazama kwanza," anasema Muthamia. "Mama yule akageuka akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa."

Alipoinama kupima umbali, upepo wa dirishani uliinua manila upande mmoja. Aliona wino wa buluu, mkia wa herufi moja. Hakuendelea kuangalia. Alisimama wima, akamwita karani aje airudishe.

Mwaniki mpaka leo hajamwelewa. "Hukuchungulia hata kidogo?" humwuliza. "Pengine aliandika habari zako. Pengine aliandika wewe ni mchoyo wa filamu."

"Pengine," Muthamia hujibu. "Ni mambo yake."

Filamu aliyotumia ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa makusudi. Ya rangi ingebidi aipeleke kuoshwa Meru mjini, na hakutaka binti yake apite kwenye mikono ya watu asiowajua. Alijifungia kwenye chumba chake cha giza mchana, wateja wakigonga na kuondoka. Ndani ya sinia la dawa, kwanza yalitokea macho, halafu nywele, halafu masikio yote mawili kama alivyokuwa ameagiza.

Kathure hakucheka. Anamtazama moja kwa moja mtu aliyeshika kamera, midomo imebanwa, anangoja aruhusiwe.

"Mimi ndiye nilimwambia asicheke," anasema Muthamia. "Ile ya kucheka haimo kwenye faili ya mtu yeyote."

Kuna jambo moja lililobadilika katika studio. Nje, ukutani, kuna kabati la kioo ambamo kwa miaka mingi Muthamia alibandika picha za wateja ili wapita njia waone kazi yake: maharusi, watoto wa ubatizo, wazee waliovaa koti la kuazima. Hakuwahi kumwomba mtu ruhusa. Msichana mmoja aliwahi kumwuliza, "Mzee, nani alikwambia mimi ni wa kuangaliwa na stendi nzima?" Wakati huo alicheka, akaiacha picha pale pale.

Aliporudi kutoka chuoni mara ya mwisho, alilifungua kabati hilo akazitoa zote. Sasa mteja wa zamani akipita, Muthamia humwita na kumwuliza kama anakubali picha yake irudishwe. Wengi hukubali, wengine huwa wamesahau kwamba walikuwemo. Mwaniki anamwambia anaharibu biashara, na huenda ni kweli, kwa maana sehemu kubwa ya kioo bado ni wazi na mbao za nyuma zinaonekana.

Mwezi ujao wanafunzi wapya wa vyuo wataanza kuja na fomu zao. Muthamia amenunua filamu. Anapanga kuwapiga picha nne zinazotakiwa, kisha ya tano kwa kamera ya zamani, baada ya kuwaambia kwamba sasa wanaweza kucheka. Hiyo ya tano itakuwa ya nyumbani, na negativu watapewa wenyewe.

Wiki hii kabati la kioo lina picha tisa, zote za watu waliokubali. Ya Kathure iko chumbani, juu ya redio. Muthamia hajaiweka nje kwa sababu hana wa kumwuliza.