Jiwe la Mama Ndui

Watu walimwita Mama Herufi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika vibao. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya duka la vipuri, kinanuka rangi ya mafuta na tina ya kuizimulia mpaka barabarani, na kwa miaka mingi nusu ya maduka ya mji ule yalisomeka kwa mkono wake. Alifundishwa na marehemu mumewe, mtu wa mwandiko mzuri na tahajia mbovu. "Yeye alichora, mimi nikasahihisha," alikuwa akisema. Muuza nyama mmoja aliwahi kumlalamikia kwamba kibao chake kinachelewa kukauka. "Herufi zangu hazivundi, baba," akamjibu. "Wewe kaangalie buchani kwako."

Halafu yakaja mabango ya plastiki ya kuchapishwa kwa mashine. Wateja wakapukutika, na yeye, akiwa amekaa bila kazi, akaanza kumuwaza Mama Ndui.

Habari zake alizipata kwa bibi yake mzaa mama. Ndui ilipoingia mjini, bibi akiwa msichana mdogo, wagonjwa walitengwa kwenye mabanda ya nyasi, pale ilipo stendi ya mabasi leo. Nje waliwekwa walinzi, ndani hakuthubutu kuingia mtu. Aliyeingia ni mwanamke mmoja ambaye ndui ilishampitia zamani ikamwachia uso wa makovu. Aliwapelekea maji, akawalisha, akawaosha vidonda, na waliokufa akawachimbia mwenyewe. Bibi alitoka mle akiwa amebebwa mgongoni kwake. Mama yake bibi hakutoka.

Lakini asante ya punda ni mateke. Ugonjwa ulipokwisha, mji ulimwogopa mwanamke yule kama kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Kisimani walimpisha achote peke yake. Watoto wakamwimba, Mama Ndui, Mama Ndui. Hata waliopona mikononi mwake walijifanya hawamjui, mpaka akafa.

"Pale stendi hakuna hata kijiwe cha kumkumbuka," Mama Herufi alimwambia binti yake. "Na bila yeye mimi na wewe tusingekuwepo."

"Walio hai wenyewe hawakumbukwi, mama. Utaanza na wafu?"

Alianza. Alikwenda halmashauri, wakamzungusha, njoo kesho, njoo mwezi ujao. Madiwani waliingia na kutoka, naye akarudia maneno yaleyale kwa kila aliyekikalia kiti. Akazoeleka mpaka mlinzi wa getini akawa anamtania, "Leo umewahi kazini, mama." Hatimaye ofisa mmoja wa utamaduni, kijana mpole, akamwambia jiwe linawezekana, ila ndugu wa marehemu waulizwe kwanza.

Ndugu hawakuwa wa kutafutwa mbali. Wazee wa mjini walimwelekeza kwa mjukuu wa Mama Ndui, mwanamke aliyemzidi Mama Herufi umri, mwenye duka la sare za shule. Kibao cha duka lile Mama Herufi alikiandika mwenyewe.

Alimkuta anapima kola. Alipomweleza lililomleta, yule mama aliweka mkasi mezani, akaenda kufunga mlango.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Ni shukrani tu. Bibi yangu alipona kwa mkono wa bibi yako."

"Shukrani!" Alikaa. "Mama yangu aliachwa nikiwa tumboni, siku wakwe walipojua ni mtoto wa nani. Dada yangu alirudishiwa posa mara mbili. Tukahama mtaa, tukanyamaza, mpaka leo wanangu hawajui. Wewe unataka kutufukulia kaburi katikati ya stendi?"

"Nataka watu wajue alichokifanya. Aibu ni yao, si yenu."

"Mwanangu, bibi yako alipona, ukapata hadithi ya kusimulia. Sisi tulipata lile jina."

"Basi lile tuliache. Tuandike alilopewa na wazazi wake."

Yule mama akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Hilo ndilo nililorithi mimi. Liko hapo juu ya mlango. Uliliandika wewe."

Mama Herufi alipoombwa aape kwamba jina lile halitatoka mdomoni mwake wala kwenye brashi yake, aliapa.

Akarudi kwa ofisa amwambie yaishe. Kumbe fungu lilishapitishwa, na jiwe lisiposimama wakubwa watauliza. "Tutaandika maneno ya jumla tu," kijana akasema. Jiwe likasimama: Kwa wote waliowahudumia wagonjwa. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko hizo, jina la mgeni rasmi. Mama Herufi ndiye aliyeitwa kuyaandika, na aliyaandika, maana hakuwa na kazi nyingine.

Mgeni rasmi alikuja jua limeshakuwa kali, akahutubia juu ya upanuzi wa stendi, akakata utepe, akaondoka. Wiki haikuisha, wauza viatu wakawa wanatundika bidhaa zao kwenye lile jiwe. Kila rangi ilipofifia Mama Herufi alikwenda kuipaka upya, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Mwenye duka la sare akafariki. Wanawe wakakiteremsha kibao cha zamani, wakaweka bango la kuchapishwa lenye jina jingine kabisa.

Siku tingatinga lilipokuja kupanua stendi, Mama Herufi alikuwepo. Dereva alishuka.

"Sogea, mama. Hili jiwe la nani?"

Alifungua mdomo. Akakikumbuka kiapo chake.

"Waliwahi kuumwa watu hapa," akasema.

"Watu wanaumwa kila siku, mama," dereva akamjibu, wala si kwa ubaya, akarudi kwenye usukani wake.

Sasa anaishi kwa binti yake. Asubuhi hutoa kiti, akakaa nje ya mlango maana ndani kuna giza. Akiulizwa habari za stendi husema amesahau, na watu huamini, kwa umri wake. Binti yake tu ndiye anayejua si kweli, naye hamwulizi.